Tatu, Sensei

Jumatano tarehe 4 Septemba, saa moja na nusu usiku, mazoezi ya judo yameisha, kijana alishindwa kufungua fundo la mkanda wake.

Nilikuwa nimesimama mlangoni na kaunta buku mkononi, napokea namba kama kawaida. Wenzake walishavua, wanatafuta ndala zao gizani kwa kupapasa, maana taa ya nje iliungua tangu Julai na kila mtu anamsubiri mwingine anunue. Yeye alibaki pembeni ya mkeka, kichwa chini, vidole vinahangaika na fundo ambalo mtoto wa darasa la tatu angelifungua huku akipiga soga. Akalivuta kwa kidole gumba, likateleza. Akajaribu kwa meno.

"Leo ngapi?" nikamuuliza.

Akauacha mkanda. Akasimama wima, mikono ubavuni.

"Tatu, sensei."

Nikaandika 3. Dakika tisini mara tatu, 270. Nikamgeukia aliyekuwa nyuma yake.

Siku mbili baadaye kiwiko chake kiliteguka. Leo ni karibu wiki nane, na katika wiki zote hizo sijakiota kiwiko hata mara moja. Naota lile fundo.

## Kaunta buku

Jina lake nalihifadhi. Nitamwita Kibirizi, jina la mtaa wa wavuvi kando ya Ziwa Tanganyika, maana ndiko anakotoka, na klabuni ndivyo tulivyokuwa tukimwita hata kabla sijafikiria kuandika haya.

Klabu yetu ya judo iko Mwanga, mjini Kigoma. Mkeka tuliushona wenyewe: magodoro chakavu chini, turubai juu, kamba pembeni. Ukianguka vizuri unasikika kama mtu anakung'uta zulia. Ukianguka vibaya unakutana na sakafu ya saruji, mnafahamiana.

Kaunta buku lilianza Januari. Kabla yake ndugu yangu wa Dar alinitumia saa ya kupima mapigo ya moyo pamoja na mkanda wake wa kifuani, nikajiona nimeingia zama mpya. Zama hizo zilidumu wiki mbili. Mkanda wa kifuani unashuka kiunoni mara ya kwanza tu mtu anapolazwa chini, na saa ya mkononi huwezi kuingia nayo kwenye randori, yaani pambano la mazoezi, utamchana mwenzako uso. Halafu hata pale inaposoma, inasoma moyo. Mtu anaweza kung'ang'ania kola ya mpinzani dakika nzima bila yeyote kati yao kusogea hatua mbili, vidole na mikono ya mbele vinaungua kama vimechovywa kwenye pilipili, na saa inakwambia mambo si mabaya. Hesabu za mapigo ya moyo, kama ile aliyoijenga Eric Banister huko Kanada tangu miaka ya 1970, zinawafaa sana wakimbiaji na waogeleaji. Sisi tunakabana.

Ndipo nikaikuta njia ya Carl Foster, Mmarekani wa Wisconsin, aliyoichapisha na wenzake mwaka 2001. Ni njia ya mtu asiye na hela, na ndiyo maana niliipenda. Mazoezi yakiisha unamuuliza mchezaji swali moja: yalikuwa magumu kiasi gani, kutoka sifuri mpaka kumi? Kipimo chenyewe kilitokana na Mswidi Gunnar Borg, mwanasaikolojia aliyetumia maisha yake kutafuta namna ya kuupa uchovu namba. Namba unayopewa unaizidisha kwa dakika za mazoezi. Basi. Huo ndio mzigo wa siku.

Niliandika kipimo ubaoni kwa Kiswahili changu: 1 rahisi mno, 2 rahisi, 3 wastani, 4 ngumu kiasi, 5 ngumu, 7 ngumu sana, 10 hakuna zaidi. Foster mwenyewe aliziacha 6, 8 na 9 bila maneno, nami nikaziacha. Watoto wakazijazia. Sita ikawa "kesho sijui". Nane ikawa "mama nifungulie mlango". Tisa siwezi kuiandika hapa.

Kuna sharti moja la Foster nililolivunja tangu siku ya kwanza. Anasema usiulize papo hapo, subiri kama nusu saa, ili raundi ya mwisho isifunike mazoezi yote. Nusu saa baada ya mazoezi wanafunzi wangu wako kwenye bodaboda, au wako mwaloni, kwenye mitumbwi, wanapakia taa za kuvulia dagaa usiku. Kwa hiyo nikawauliza palepale, wamepanga mstari, kila mmoja anamsikia wa mbele yake anachosema.

Mbele ya sensei. Mbele ya wenzake. Nikitaka ukweli.

## Miezi mitatu ya utukufu wangu

Tarehe 15 Mei ziwa lilifungwa, uvuvi ukasimama mpaka 15 Agosti. Mtu wa Kigoma hahitaji nimsimulie miezi ile ilivyokuwa.

Mimi, Mungu anisamehe, niliiona neema. Vijana ambao kwa kawaida wanafika macho mekundu walianza kuja mapema. Walikuja mpaka Jumapili asubuhi. Kibirizi, ambaye anapigana kilo 66 na miaka miwili alikuwa mtu wa kujihami tu, akaanza kushambulia. Mwishoni mwa Juni alimwingia seoi-nage mtu mwenye kilo 80, akamzungusha juu ya mgongo kama anatua gunia, na ukumbi mzima ukanyamaza kabla ya kupiga kelele. Nilipokuwa nawaonyesha kwenye simu Mtanzania mwenzetu Andrew Thomas Mlugu akishuka mkekani Paris, kwenye Olimpiki, uzito wa kilo 73, Kibirizi alisogea mpaka akaziba kioo kwa kichwa.

Na kaunta buku lilikuwa linakubaliana na kila kitu. Namba zake zilikuwa nne, nne, tano, nne. Nilikuwa napandisha mazoezi kidogo kidogo, naye anapanda. Nikapiga hesabu ya uwiano, ile aliyoieneza Mwaustralia Tim Gabbett mwaka 2016: mzigo wa wiki hii gawanya kwa wastani wa wiki nne. Ukiwa kati ya 0.8 na 1.3 unaambiwa uko mahali salama, ukivuka 1.5 unacheza na moto. Yeye alikuwa 1.1. Nikaizungushia duara kwa kalamu ya kijani.

(Baadaye nilisoma kwamba Franco Impellizzeri na wenzake walikuwa wameshaushambulia uwiano huo vikali mwaka 2020, wakisema msingi wake wa kihesabu na wa kisababu ni dhaifu. Duara langu la kijani lilikuwa la mwaka 2024. Habari njema hufika Kigoma kwa treni.)

Niliamini programu yangu imemtengeneza. Nilimwambia hata mwalimu mwenzangu wa Tabora kwa simu: njoo ujifunze, kitu kinapimika.

Haikunipitia akilini kwamba kilichobadilika miezi ile si kilichokuwa mkekani.

## Ijumaa

Ziwa lilifunguliwa mwezi ukiwa karibu kujaa, kwa hiyo kazi yenyewe, ya kuvua kwa taa, ilisubiri giza. Mwisho wa Agosti, ukisimama Mwanga usiku na kutazama chini, taa zilikuwa zimerudi juu ya maji, mji wa pili ng'ambo ya mji. Wote tulifurahi. Dagaa walirudi sahanini.

Namba za Kibirizi zikashuka. Nne, tatu, nne, tatu. Nikazisoma kama yeyote aliyevimba kichwa angezisoma: kijana ameimarika, mazoezi yale yale sasa anayaona mepesi. Vitabu vyenyewe vinasema mtu akipata uwezo, jitihada anayoihisi inapungua. Ni kweli inapungua.

Kwa hiyo aliposema tatu ile Jumatano, niliamua kuongeza. Ijumaa, badala ya randori sita za dakika nne nne, tukapiga tisa.

Ilikuwa ya nane. Mwenzake aliingia na tai-otoshi, mbinu ya kuangusha, ya kawaida, ya kufundishia, wala haikuwa na hasira. Kibirizi alikuwa anakwenda chini kwa namna ambayo ameshakwenda chini maelfu ya mara. Nilimfundisha ukemi, namna ya kuanguka, mimi mwenyewe: kidevu kifuani, mkono upige mkeka, usijizuie kamwe kwa kiganja. Safari hii alitanguliza mkono. Kiganja kikashika turubai, uzito wote ukaja nyuma yake.

Mlio ule sitauelezea.

Hospitali walikirudisha kiwiko mahali pake, mfupa ulikuwa salama, wakamfunga mkono shingoni. Jumamosi nikaenda kwao. Nilimkuta mama yake uani anapepeta mchele, nikamwamkia shikamoo, akaitikia bila kuinua macho. Tulikaa kimya kiasi cha kutosha mtu kuomba radhi, na sikuomba.

"Mwalimu," akasema, "kile kitabu unachoandika kila siku, kilisemaje?"

"Kilisema yuko sawa, mama."

"Na macho yako?"

## Kumi ya nani

Wiki mbili zilipita kabla sijapata ujasiri wa kumuuliza mwenyewe. Nilimfuata mwaloni, asubuhi, wakati wanawake wanaanika. Alikuwa amekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, mkono umening'inia shingoni, na kwa ule mwingine anamsaidia mtu kushika wavu unaoshonwa.

"Kwa nini ulisema tatu?"

Aliniangalia kama swali halina maana.

"Kwa sababu ilikuwa tatu, sensei."

Nikamwambia nilikiona kidole chake hakina nguvu hata ya kufungua fundo. Akacheka kidogo. Akaniambia jinsi usiku wa Jumanne ulivyokwenda: taa zinawaka, wavu uko chini sana, mnangoja dagaa wakusanyike kwenye mwanga, halafu kamba. Unavuta kwa vidole, kwa mikono, kwa mgongo, kamba imelowa, na chini kuna uzito usiouona. Mnamwaga, mnashusha tena. Walivuta mara nne. Alfajiri wakapakua. Akalala saa tatu asubuhi, akaamshwa saa saba kwa sababu mdogo wake alitumwa kitu na hakukijua. Jioni akaja judo, kwenye mchezo ambao robo tatu yake ni kushika nguo ya mtu kwa vidole vile vile na kuvuta kwa mgongo ule ule.

"Kumi ninaijua," akasema. "Kumi ni siku upepo unawakuta wavu uko chini. Huwezi kuuacha, si wako. Mkekani ukichoka unapiga mkono, mwenzako anakuachia. Wavu hauachii. Sasa randori mimi niseme ngapi?"

Sikuwa na jibu.

Borg aliliandika jambo hilo waziwazi. Kipimo chake kinaegemea ukali wa juu kabisa ambao mtu ameshawahi kuupata. Kumi haiko ubaoni, iko ndani ya maisha ya anayejibu. Nilikuwa nimelisoma hilo Januari na kulipita kama mtu anavyopita bango la matangazo ya msiba wa asiyemjua. Niliandika "hakuna zaidi" kwa chaki nikadhani kumi ya Kibirizi ni ile ninayoijua mimi: raundi ya mwisho ya fainali, mapafu yanawaka. Kumi yangu ina mwamuzi anayesema matte, simama.

Ningeishia hapo ningekuwa na hadithi safi. Lakini alipokuwa anashuka kwenye mtumbwi, akiyatazama maji si mimi, aliongeza:

"Halafu ningesema saba, ungenitoa kwenye safari."

Kulikuwa na safari ya mashindano. Alikuwa amesikia nikimwambia mwingine, mwezi Julai, kwamba mtu anayetoa nane kwa mazoezi haya hayuko tayari. Nilimwambia mbele ya mstari.

Basi tatu ile ilikuwa ya kweli na ilikuwa uongo, kwa mdomo mmoja, na sijui hata leo nigawe vipi.

## Farasi

Niliporudi nyumbani nilifanya kitu ambacho ningepaswa kukifanya Januari. Nilichukua wiki yake moja ya giza nikaweka na usiku ndani.

Mkekani peke yake: Jumatatu 360, Jumatano 270, Ijumaa 360, Jumapili 180. Jumla 1,170. Foster ana hesabu nyingine, ya mwaka 1998, inayotazama siku zinavyofanana: unachukua wastani wa mzigo wa siku saba, unagawa kwa mtawanyiko wake. Wiki yenye siku ngumu na siku za kupumzika kabisa inatoa namba ndogo. Wiki ambayo kila siku ni kama jana inatoa namba kubwa, na ikifika mbili mtu mwenye busara anaanza kutazama. Wiki ya Kibirizi, kwa mujibu wa kaunta buku, ilikuwa 1.0. Wiki nzuri. Ngumu, pumzika, ngumu, pumzika.

Sasa weka usiku sita ziwani. Saa nane, yaani dakika 480. Nikaupa ugumu wa 2 tu, "rahisi", ili nisijidanganye kwa kuongeza chumvi. Kila usiku 960. Jumla ya wiki ikatoka 1,170 ikaenda 6,930. Ile namba ya kufanana ikatoka 1.0 ikawa 2.5. Ukizidisha hizo mbili, kama Foster anavyofanya kupata mkazo wa wiki, unapata zaidi ya 17,000 mahali ambapo mimi nilikuwa naona elfu moja na kidogo.

Mazoezi yangu yote, randori zangu zote, mpangilio wangu wa rangi ya kijani, vilikuwa kama sehemu moja ya sita ya wiki yake. Nilikuwa napima mkia nauita ng'ombe.

Kuna utafiti wa farasi wa mbio uliofanywa na Waholanzi, ukachapishwa mwaka 1994, ambao Foster anautaja. Farasi walizidishiwa siku ngumu, wakavumilia. Zikazidishwa tena, wakavumilia. Ilipofika wakati wa kuzifanya ngumu zile siku nyepesi, za katikati, ndipo wakaanza kuporomoka. Nilipousoma nilifunga simu nikatoka nje.

Siku nyepesi za Kibirizi ziko kwenye maji kuanzia saa moja jioni.

Lakini sitaki kuiamini sana hii 17,000 pia. Saa nane za ziwani si saa nane za kuvuta. Kuna kungoja kwingi, kuna hadithi, kuna mtu anajilaza kidogo kwenye kamba. Njia ya kuzidisha namba kwa dakika ilibuniwa kwa mazoezi ya saa moja au mbili, na ukiinyoosha mpaka alfajiri inakupa tarakimu za ajabu. Na jambo lililomuumiza zaidi labda halina nafasi kwenye hesabu yenyewe: hakulala. Usingizi uliokosekana haupo kwenye dakika wala kwenye kumi.

Na kuna shaka nyingine, mbaya kuliko zote kwa mtu anayetaka kujilaumu kwa raha. Judo inategua hata viwiko vya watu waliolala vizuri. Mtu mpya anatanguliza mkono, bingwa anatanguliza mkono. Siwezi kuthibitisha kwamba ni wavu. Siwezi kuthibitisha kwamba randori sita zisingefanya kile kilichofanywa na ya nane.

Ninachoweza kukithibitisha ni kwamba nililiona fundo, nikaandika tatu.

## Anayeuliza

Mwanzoni mwa Oktoba nililitoa daftari mikononi mwangu. Nilimpa dada mmoja wa klabu, mkanda wa kahawia, ambaye mchana anauza mawese sokoni Mwanga na hana mchezo na mtu anayetaka kumpunja, awe mteja au mwanafunzi. Anakaa chini ya mwembe, nje, mbali na mstari. Wanapita mmoja mmoja wakishavua. Anauliza taratibu, anaandika, anafunika ukurasa.

Jumatatu ya kwanza niliwapa makusudi mazoezi yale yale ya Jumatatu iliyotangulia, hatua kwa hatua. Wastani wa darasa uliokuwa nne kwangu, kwake ukawa karibu sita.

Watu wale wale, magodoro yale yale.

Nilikasirika kidogo, nikiri. Nilijiona nimeibiwa. Miezi tisa nimekuwa nakusanya heshima yao kwangu na kuizidisha kwa tisini.

Kisha nikarudi nyuma kwenye kurasa, nikakutana na binti wa kidato cha pili ambaye tangu Februari alikuwa haogopi kunipa saba na nane. Pembeni ya namba zake, kwa mwandiko wangu, mara tatu, kuna neno "deko". Dada alinitazama nilipomwonyesha.

"Sensei, huyu maji yakikatika mtaani kwao anapandisha madumu kutoka bondeni kabla ya shule na baada ya shule. Hujui?"

Sikujua. Kibirizi aliniambia ndogo kwa sababu maisha yake ni makubwa kuliko mazoezi yangu. Binti akaniambia kubwa kwa sababu alinipa jumla. Namba mbili za uaminifu, nami mmoja nilimwita shujaa na mwingine mdekaji.

Nililifuta lile neno kwa kalamu nyeusi. Ukigeuza karatasi kwenye mwanga bado linasomeka.

## Kalenda ya msikiti

Sasa ukutani kuna kalenda mpya. Nilipewa na mzee mmoja wa Ujiji, ni kalenda ya msikiti, na kwa kazi yangu haina mpinzani: tarehe za Kiislamu zinafuata mwezi, kwa hiyo huhitaji kubahatisha. Tarehe 14 mwezi umejaa. Mwisho wa mwezi na mwandamo ni giza tororo. Nilirudisha macho nyuma nikaona ile Jumatano ya fundo ilikuwa usiku wa kutazama mwandamo wa Mfungo Sita. Kila mtu huko mtaani Kibirizi alikuwa anaingia majini.

Nimeacha kupanga kwa wiki. Mbalamwezi ikitawala, vijana wa ziwani wanalala kwao, tunapiga randori mpaka jasho lichirizike kwenye turubai. Giza likiingia tunapunguza: uchikomi, yaani kurudia kuingia bila kutupa, kazi ya miguu, ne-waza (kukabana chini) ya polepole, mambo ya kufikiri. Na kabla ya mazoezi kuanza dada anauliza swali la kwanza, ambalo Foster hakuliweka: usiku umelala wapi? Anaandika N, nyumbani, au Z, ziwani. Mwenye Z haingii randori siku hiyo.

Nilijiona nimepata dawa. Mashindano, bila shaka, hayatazami mwezi; yakiangukia giza sijui nitafanya nini. Lakini nilisema hilo ni la mbele.

Ijumaa iliyopita, tarehe 25, mwezi umeshaanza kuchelewa kutoka na boti zimerudi, niliita randori. Vijana wanne wa Z wakakaa pembeni kama nilivyoagiza. Mmoja wao, mpole kuliko wote, akanyoosha mkono.

"Sensei, sisi wa ziwani tutapigana lini?"

Nikamweleza. Kupumzika, kiwiko, mbalamwezi. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu zote.

"Kwa hiyo anayefanya kazi hachezi, asiye na kazi anacheza."

"Sikusema hivyo."

"Ndiyo, sensei."

Kibirizi alikuwepo. Siku hizi anakuja na mkono wake unaojifunza kunyooka, anakaa karibu na dada na kumsaidia kuandika. Hakusema kitu. Aliangalia chini, kwenye daftari.

Juzi Jumatatu, giza limezidi, dada akapita na swali lake. Nilichungulia orodha kabla ya kuanza, na mstari mzima ulikuwa N. Wanne wote wamelala nyumbani. Niliusoma mara mbili. Kisha nikasema hajime, anzeni, na kwa kuwa mmoja alikosa mwenza niliingia mkekani mwenyewe. Yule mpole akainama, nikainama. Akanyoosha mkono wake wa kulia akanishika kola, juu, karibu kabisa na shingo.

Vidole vyake vilinuka dagaa wabichi.